TAARIFA KWA WANACHAMA: NI HAKI, SI HISANI

Ndugu wanachama,

Wanaosema maskini wa mjini ni wavivu, tunawapinga. Mama lishe wa Manzese anaamka alfajiri, lakini faida yote inaishia kwenye mikopo ya "kausha damu".

Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Nani amemwambia? Kumpelekea unga kilo mbili na kupiga naye picha si msaada.

Kila mjumbe aorodheshe wahitaji wa mtaa wake, awasaidie kuunda vikundi, awafikishe kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Asiulize mtu kadi. Njaa haina chama.

Uongozi wa Tawi