Tatizo ni katikati, si mabeki watatu

Napingana na wanaolaumu mfumo wa mabeki watatu. Manchester United haikumaliza ya 15 msimu wa 2024/25 kwa sababu mabeki watatu ni mfumo mbovu; kocha Amorim alibeba ubingwa wa Ureno na Sporting kwa 3-4-3 hiyohiyo. Alifika Novemba, ligi imeshachanganya, mechi zinafuatana, mazoezi atafanyia wapi? Mfumo ule unaacha viungo wawili tu katikati. Casemiro hakuwa tena na mbio, na Bruno Fernandes aliporudishwa pale tulimkosa karibu na goli. Wapinzani walipojaza watatu katikati, tulipitwa kirahisi. Na kabla Dorgu hajasajiliwa, Dalot anayetumia mguu wa kulia alikuwa akipangwa kushoto! Kocha alihitaji viungo wenye mapafu kabla ya mshambuliaji yeyote.