Acheni Kukusanya Majalada

Kuna watu wanaokusanya vitabu vile wengine wanavyokusanya raba: zinakaa kwenye boksi, hazikanyagi vumbi, na bei inapanda. Kwa vitabu vya mashairi ya Marekani vya karne ya 19, hasa vile vyenye picha, tabia hii imekuwa kama sheria. Angalia wanachokimbilia. The Raven ya Edgar Allan Poe, lile toleo kubwa la 1884 lenye michoro ya Gustave Doré, Mfaransa aliyefariki kabla halijamfikia msomaji. Longfellow mwenye jalada lililopakwa dhahabu. Whittier na theluji yake. Vitabu vya aina hiyo vingi vilitengenezwa viwe zawadi za Krismasi, viwekwe sebuleni ili wageni wavione, kwa hivyo mtu anayevifungia kabatini leo bila kuvisoma hajavikosea sana. Hao nawaacha na starehe yao.

Nina ugomvi na wanaomfanyia hivyo Paul Laurence Dunbar.

Kama hujawahi kumsikia, mwangwi wake umekufikia. Maya Angelou alipokiita kitabu chake cha 1969 I Know Why the Caged Bird Sings, maneno hayo aliyatoa kwenye shairi la Dunbar liitwalo Sympathy. Dunbar alizaliwa Dayton, Ohio, mwaka wa 1872, na wazazi wake wote wawili walikuwa wamewahi kuwa watumwa Kentucky. Yeye alikulia mjini, akasoma shule ya upili na Orville Wright, yule wa ndege, na alipomaliza masomo kazi aliyopewa ni kuendesha lifti kwa dola 4 kwa wiki. Kitabu chake cha kwanza, Oak and Ivy, aliwauzia abiria wa lifti hiyo hiyo. Hasla kamili, kabla wanasiasa wetu hawajaliiba neno.

Mwaka wa 1896 mhakiki mkubwa wa enzi hizo, William Dean Howells, alimsifu kwenye Harper's Weekly. Sifa zenyewe zilikuwa na mtego. Howells alipenda zaidi mashairi yaliyoandikwa kwa lahaja, yaani Kiingereza kilichoigiza matamshi ya watu weusi wa mashambani Kusini. Yale ya Kiingereza sanifu, ambayo Dunbar aliyatolea jasho, aliyaona ya kawaida tu. Dunbar akawa maarufu, na akafungwa papo hapo. Baadaye alilalamika kwenye barua kwamba Howells alimdhuru. Anayeandika kwa Sheng hapa Nairobi anaijua hadithi hii, ila kwa upande wa pili: kwenye tangazo la bia lugha yako ni tamu, kwenye meza ya waamuzi wa tuzo unaambiwa urudi na Kiswahili sanifu. Iwe huku au kule, kuna mtu mwingine anayeamua ni mdomo gani ulipwe.

Sasa tuje kwenye rafu. Mwaka wa 1899, kampuni moja ya New York, Dodd, Mead, ilitoa vitabu viwili vya Dunbar. Cha kwanza, Lyrics of the Hearthside, ndimo lilimo Sympathy, shairi la ndege anayepiga mbawa kwenye vyuma vya tundu mpaka anatoka damu. Cha pili ni Poems of Cabin and Field: mashairi ya lahaja, na shairi linaloongoza msafara ni la mzee aliyeachwa peke yake kwenye shamba kubwa lililohamwa, akiwakumbuka waliokuwa wakiimba humo. Kitabu hiki cha pili ndicho kilichopewa picha. Kilipewa karatasi nzito ya kung'aa, mapambo ya Alice Morse kuzunguka kurasa, na picha zilizopigwa na klabu ya kamera ya Hampton Institute, chuo cha Virginia kilichoanzishwa 1868 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani.

Yaani mwenye duka alikuwa na mashairi ya tundu na mashairi ya kibanda, akaamua pesa za picha ziende kibandani. Kisha akarudia, kwa sababu iliuza: Candle-Lightin' Time 1901, When Malindy Sings 1903, na vingine mpaka Joggin' Erlong mwaka wa 1906, mwaka ambao Dunbar alikufa akiwa na miaka 33. Karibu mzigo wote ni lahaja. Ukivipanga vitabu hivi kwa mstari, unaona uamuzi wa kibiashara ukigeuka kuwa sura ya mtu.

Hilo ndilo mkusanyaji wa majalada halioni. Yeye anamtafuta Morse. Kwa vile vya baadaye anamtafuta Margaret Armstrong, na akiziona herufi MA zimefichwa kwenye ua la kona, moyo unamruka. Sisemi majalada hayana thamani. Hao wanawake walikuwa mafundi wa hali ya juu na kwa muda mrefu kazi yao ilidharauliwa. Lakini ukiwa na Dunbar kumi kwa sababu wanapendeza wakikaa na kijani cha kochi lako, wewe ni mpambaji wa nyumba. Hakuna ubaya, ila usijiite mlinzi wa mashairi.

Wabaya kuliko hao ni wachinjaji. Hawa wananunua kitabu chenye picha, wanakikata mgongo, wanauza ukurasa mmoja mmoja ndani ya fremu. Wamekifanyia hivyo kila kitabu chenye picha tangu zamani, na wana hesabu yao: kurasa ishirini kwenye fremu zinalipa kuliko kitabu kimoja kilichochoka. Kwa Doré, hasara ni kubwa lakini mchoro unabaki mchoro, na jina la Doré linaandamana nao. Kwa Dunbar, ukiukata ukurasa, kinachobaki ukutani ni mzee mweusi asiye na jina, asiye na shairi, asiye na mahali. Amerudi kuwa pambo.

Na picha zenyewe zinastahili kuangaliwa vizuri kuliko hivyo. Wapigaji wengi wa klabu ile walikuwa wafanyakazi wazungu wa chuo. Waliopigwa walikuwa watu weusi wa eneo la Hampton. Ndiyo, walipangwa: simama hapa, shika hiki, angalia kule. Lakini kumbuka kilichokuwa kikiuzwa mitaani Marekani mwaka huo. Majalada ya nyimbo na kadi za matangazo yalijaa vikaragosi vya midomo mikubwa na macho yaliyotoka. Katikati ya takataka hizo, kitabu hiki kinaweka mbele ya msomaji watu wenye nyuso zao, na nyumba ambamo mtu anaishi kweli. Kuna shairi humo la baba anayecheza na mtoto wake jioni baada ya kazi, anamtania, anamtishia zimwi la uongo kisha anamkumbatia. Lisome peke yake bila picha, kama linavyopatikana bure mtandaoni, na lahaja inaweza kukufanya ucheke vibaya. Likae mkabala na watu halisi, na kicheko kinakosa pa kwenda. Picha inabishana na kile ambacho mnunuzi wa 1899 alikuja kukitafuta. Ubishi huo unaishi katikati ya kurasa mbili zilizofunguliwa, na hapo ndipo kisu cha mchinjaji kinapopita.

Kwa hiyo siwaungi mkono pia wale wa kambi ya pili, wanaosema vitabu hivi ni aibu, ati ni kumbukumbu za shamba la bwana, tuwaachie wazungu wazee na minada yao. Wauzaji wengi wa Marekani wanaviorodhesha chini ya Black Americana, kapu moja na vibweta vya biskuti vyenye sura ya mpishi mnene na wanasesere wa vikaragosi. Wewe ukinyamaza kwa sababu ya aibu, umekubali kapu hilo. Dunbar anauzwa kama kichekesho na wewe umesusa mnada. Nani ameshinda?

"Lakini buda, kitabu cha kizee cha Marekani kinatuhusu nini?" nimeulizwa, na swali ni halali, maana mtu ana kodi ya kulipa. Jibu langu ni Arturo Schomburg. Mzaliwa wa Puerto Rico, alifanya kazi ya kawaida ya benki, na kwa mshahara huo akanunua vitabu, barua na picha za watu weusi kutoka popote zilipopatikana. Mwaka wa 1926 mkusanyo wake ulinunuliwa kwa dola 10,000 na kuwekwa kwenye maktaba ya umma ya New York, tawi la Harlem. Hakungoja chuo kimwambie kipi ni muhimu. Alikusanya ili kumjibu yeyote aliyedai kwamba watu weusi hawana historia ya kuwekwa rafuni. Ukusanyaji wa namna hiyo ni hoja, na hoja haihitaji mali nyingi. Hatuzungumzii Tamerlane, kijitabu cha kwanza cha Poe, ambacho nakala yake moja iliuzwa 2009 kwa zaidi ya dola 600,000. Vitabu vya Dunbar vyenye picha vilichapwa tena na tena, na nakala iliyochakaa haifungi njia ya mtu wa kawaida.

Basi kama utanunua, nunua viwili: kile cha kibanda na kile cha tundu, vya mwaka huo mmoja, vikae bega kwa bega. Na kama wewe ni muuzaji, andika kwenye maelezo yako nani alipiga picha na zilipigwa wapi, kabla hujaandika kwamba kona za jalada zimepondeka kidogo.

Jambo jingine kwa wauzaji, kuhusu penseli. Desturi ya biashara hii ni kwamba maandishi ya mwenye kitabu wa zamani, asipokuwa mtu maarufu, ni kasoro. Bei inashuka, na wengine hufuta kwa raba ili nakala ionekane safi. Watu walioko kwenye Poems of Cabin and Field hawakuandikwa majina na mchapishaji. Walikuwa na majirani, walikuwa na watoto, na baadhi ya watoto hao huenda waliwahi kukishika kitabu hiki. Ikiwa kuna mahali popote duniani mmoja wao ameandikwa jina lake chini ya picha yake, litakuwa limeandikwa kwa penseli, na mkono wa mtu wa nyumbani, kwenye nakala ambayo mnaiita mbovu.