Zawadi ya Mwalimu Aliyetoka Mbali

Wazazi wa Garissa, nanyi ndugu zetu wa Wajir na Mandera, nina neno ambalo halisemwi sana barazani. Mtoto akihitimu Qurani, nyumba nzima husimama. Pilau hupikwa, majirani huitwa, maalim wa duksi, yaani chuo cha Qurani, hupewa mbuzi au kanzu mpya, na baba wa mtoto humshika mkono mbele ya watu akamwombea dua. Hakuna anayeuliza kama ni lazima. Lakini mwalimu wa Kiswahili aliyetoka Kakamega au Kitui, aliyekaa na mtoto huyo huyo miaka yote ya sekondari, hufunga virago mitihani ikiisha, akapanda basi la Nairobi, na pengine aliyemsindikiza mpaka steji ni mlinzi wa shule peke yake. Hili si haki, wala halifanani na ukarimu tunaojulikana nao.

Tazameni alichotuachia. Mtoto wa Balambala au Hulugho huongea Kisomali nyumbani, husoma Kiarabu duksi, na darasani hukutana na Kiingereza. Kiswahili huja juu ya mzigo huo wote, na mara nyingi mdomo unaomfundisha kwa utaratibu ni wa mwalimu huyu. Yeye ndiye aliyekaa na wanafunzi arobaini wanaosema "kitabu yangu", akarudia "kitabu changu" bila kuwacheka, mwaka hadi mwaka, mpaka wakaweza kuingia kwenye mtihani wa KCSE na kuandika insha kamili, kisha karatasi ya lugha, kisha ya fasihi. Kwa lugha hiyo kijana wetu atajieleza mbele ya daktari Nairobi, atauza ng'ombe Mombasa, atasimama mbele ya hakimu bila kutafuta mkalimani. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Anayemfundisha mtoto wetu lugha hiyo anampa sehemu yake katika nchi.

Na amefundisha wapi? Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilizuiwa na abiria 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakienda kwao likizo. Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, karibu wote wanafunzi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na baada ya hapo TSC, tume ya walimu, ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji, madarasa yakabaki bila watu. Mwalimu anayekubali kuja kwetu leo anayajua hayo yote. Mama yake anayajua pia, na kila jioni husubiri simu.

Tunao mfano wetu wa jinsi mwalimu na mgeni wanavyotunzwa. Desemba 2015, basi la Mandera lilipovamiwa, abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi siku ile, akafariki mwezi uliofuata. Baada ya jambo kama hilo, sisi tulio hai hatuna udhuru wa kushindwa kusema asante.

Sasa tumpe nini? Kwanza niseme tusichompa. Tusimpe pesa. Sheria za uadilifu zinamruhusu mtumishi wa umma kupokea zawadi ya heshima ya kawaida, lakini si fedha, na mwalimu wa TSC ni mtumishi wa umma. Pia tusimpe kabla ya mtihani. Waislamu wote tumesikia habari ya Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka akarudi na mafungu mawili, moja la umma na jingine akidai amezawadiwa. Mtume alichukizwa, akauliza kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa wazazi wake zawadi hiyo ingemfuata. Mzazi anayempelekea mwalimu bahasha muhula wa pili, mtoto wake akiwa bado hajasahihishiwa madaftari, ajiulize swali hilo. Korea Kusini waliliona tatizo hili wakalitungia sheria iliyoanza kutumika 2016, na huko mwalimu hapokei hata zawadi ndogo kutoka kwa mwanafunzi anayemsahihishia kazi. Sisi hatuhitaji ukali huo, lakini wakati ufaao ni baada ya karatasi ya mwisho, hadharani, mbele ya mwalimu mkuu na wazazi wengine.

Pili, tumtazame anayepokea. Mbuzi hai ni heshima kubwa kwa mwenyeji, ila kwa mtu anayesafiri kilomita zaidi ya 360 kwenda Nairobi na kuunganisha gari jingine ni mateso. Maziwa ya ngamia yatachacha njiani. Kikombe chenye maandishi kutoka dukani atakikuta hata kwao.

Mimi ningempa nyirinyiri. Nyama ya ngamia au ya ng'ombe hukatwa vipande virefu vyembamba, ikaanikwa ikakauka, kisha ikakatwakatwa vidogo kama punje za maharagwe na kukaangwa polepole mpaka unyevu wote uondoke. Mama anayejua kazi hukaa jikoni asubuhi nzima, hatoki, maana ikiungua kidogo ladha imekwenda. Hutia iliki na kitunguu saumu, akaipakia kwenye mkebe na kuimwagia samli mpaka ifunikwe kabisa, hewa isiingie. Hukaa miezi bila friji. Mwalimu ataifungua Krismasi pamoja na wazazi wake, na watakaoila watajua kwamba mtoto wao hakuwa peke yake Garissa. Asiyekula nyama apewe ubani wetu wa nyika, au kile chombo cha maziwa kilichosukwa kwa mkono na kupambwa kauri, ambacho vijana wetu wenyewe wameanza kukisahau.

Wajapani wanalijua sana jambo hili la kutoa zawadi ya mahali. Mtu akitoka safarini huwaletea wenzake kitu kinachosifika mahali alikokuwa, mara nyingi chakula, kikiwa kimefungwa vizuri, na hukitoa kwa mikono miwili. Huepuka vitu vinne vinne kwa sababu idadi hiyo huwakumbusha kifo. Huepuka pia zawadi ya bei kubwa, kwa kuwa inamtia mpokeaji deni la kurudisha nyingine. Kijana wetu anayesoma Kijapani Nairobi na kutaka kumshukuru mwalimu wake Mjapani ashike hayo, na akumbuke kwamba Japani haiachi nyama iingie nchini bila cheti cha ukaguzi. Mwalimu huyo akirudi kwao apewe ubani au ususi, na nyirinyiri aile akiwa bado Kenya.

Lakini kwa mwalimu wa lugha kuna zawadi iliyo juu ya hizo zote, nayo ni barua iliyoandikwa na mwanafunzi mwenyewe, kwa mkono wake, katika lugha aliyofundishwa. Isiwe barua ya "Mwalimu, wewe ni mwema sana, Mungu akubariki" iliyonakiliwa na darasa zima. Itaje siku na jambo: ile methali uliyotueleza mvua ikipiga mabati hatusikii, ukaiandika ubaoni; ile insha yangu uliyoirudisha imejaa wino mwekundu, na chini yake ukaandika nijaribu tena. Ikiwa na kosa la ngeli, liachwe. Kwa kosa hilo mwalimu atamjua mwenyewe.

Na hapa nawaomba wenye uwezo wawe na busara. Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na kuna nyumba zilizopoteza mifugo yote na hazijainuka. Mchango wa zawadi usisomwe kwa majina na kiasi, wala mtoto asizuiwe kutoa barua yake kwa sababu baba yake hakutoa kitu. Karatasi ya barua haimshindi yeyote.

Kamati za wazazi zina mkutano kila muhula. Jambo hili liwekwe kwenye ajenda sasa, achaguliwe mama mmoja wa kutengeneza nyirinyiri na mzee mmoja wa kusema maneno machache, na iulizwe mapema mwalimu anasafiri siku gani. Siku hiyo wazee wawili au watatu waende naye mpaka steji, wamkabidhi kwa kondakta kwa jina, na wapige simu jioni kujua amefika.