Ugomvi wa Taa Uishe, Tuzungumze Mita

Najua nimepotea. Niko BTP huku Muheza, nafundisha Fizikia na Hesabu, nimepanga chumba kwenye nyumba yenye wapangaji sita na mita moja ya LUKU. Mlioomba stori za machungwa mtanisamehe. Leo nina hasira.

Kuna hotuba kila mpangaji anaijua kwa moyo: "Umeme unakwisha kwa sababu nyie vijana hamzimi taa!" Inatolewa na mwenye nyumba, inarudiwa na wapangaji wenyewe, watu wananuniana wiki nzima koridoni. Mimi nasema hotuba hii haina hesabu ndani yake, na inawagombanisha watu wasio na kosa.

Tufanye hesabu ya kidato cha pili. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Basi, hakuna uchawi. Taa ya LED ya wati 9, iwake saa tano kila usiku, kwa siku 30 inakula uniti 1.35. Sasa chukua hita ya kuchemshia maji, ya wati 1,500, dakika 20 tu kwa siku. Kwa mwezi ni uniti 15! Hita moja imekula sawa na taa 11. Pasi nayo ni ndugu yake hita.

Kinachokula umeme ni joto, siyo mwanga. Anayetaka kubana kweli anyooshe nguo za wiki nzima kwa mkupuo mmoja, achemshe maji anayoyahitaji tu, siyo ndoo nzima kwa kikombe cha chai. Mwenye friji aangalie mpira wa mlango kama umelegea. Na kwa joto hili la Muheza, jamani, maji ya moto ya kuoga ya nini?

Lakini hata mkifanya yote hayo, bado mnaibiwa na mita.

Tangu bei za 2016, mteja mdogo wa nyumbani, yule wa D1 asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti. Akiwekwa kundi la kawaida, T1, ni shilingi 292. Hapo kodi na tozo bado. Bei ya 100 iliwekwa kumsaidia mtu wa kipato cha chini. Tatizo ni kwamba mita haijui nyumba ina familia ngapi. Inajua uniti tu.

Sasa tazama. Wapangaji sita, kila mmoja atumie uniti 20 kwa mwezi. Angekuwa na mita yake angelipa 2,000. Lakini jumla yao ni uniti 120, wametupwa T1, kila mmoja analipa 5,840. Yaani muuza vitumbua anayewasha taa mbili na redio analipa bei ya mwenye jumba la kiyoyozi. Halafu anaambiwa azime taa!

Najua jibu la wenye nyumba: kuingiza mita ni gharama. Kweli, gharama ya kuunganishiwa umeme mjini ilirudishwa kuwa shilingi 320,960 mwaka 2022. Lakini sikusema ziwekwe sita. Ongeza moja tu, vyumba vitatu huku, vitatu kule. Kila mita uniti 60, zote zina sifa ya D1. Nyumba nzima inashuka kutoka 35,040 hadi 12,000 kwa mwezi. Kwa akiba hiyo ya 23,040, kiasi kile kinarudi ndani ya miezi 14. Wapangaji wachange, mwenye nyumba akate kwenye kodi kidogo kidogo, mita ibaki mali yake. Nani kapoteza hapo?

Na serikali nayo isikwepe. Mwaka 2024 ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Vizuri sana. Lakini nenda kwenye nyumba za kupanga usikie sharti la kwanza: marufuku kupikia umeme! Mpangaji anarudi kwenye kopo la mkaa, siyo kwa kupenda moshi, ila mita ni ya wote na hakuna anayetaka kesi. Mnataka tuache mkaa? Pangeni bei kwa kaya, siyo kwa mita.

Kwa hiyo ndugu mpangaji, kabla hujamnunia jirani kwa taa ya uani, angalia risiti ya LUKU. Gawanya hela ya umeme kwa uniti mlizopata. Ukiona inakaribia 300, adui yako siyo jirani. Kaeni kikao, andikeni hesabu kwenye karatasi, mpelekeeni mwenye nyumba kwa heshima zote.

Naomba kuwasilisha. Wenye nyumba mnaopita hapa karibuni mnipinge, ila mje na kalkuleta.