*MUJIBU WA SHERIA AU KUJITOLEA: MAONI YA KATIBU KABLA YA KIKAO CHA JUMAPILI*



Kikao chetu ni Jumapili baada ya Alasiri, palepale ofisini. Ajenda ya tatu ni hoja ya vijana: JKT iwe ya lazima au ya kujitolea tu? Kwenye kundi letu mmeshaandika mengi, mengine ya hasira. Haya ni maoni yangu binafsi, si msimamo wa tawi. Msimamo tutautoa pamoja.

Tuanze na historia kidogo. JKT ilianzishwa Julai 10, 1963, na mwanzo ilikuwa ya kujitolea. Serikali ilipotaka wasomi nao waende kwa lazima, wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana Oktoba 1966. Mwalimu aliwafukuza mamia, lakini siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Mimi hapo najifunza jambo moja: ukimlazimisha mtoto wa mwenzio abebe mzigo, uwe na upande wako wa kubeba.

Mpango huo wa lazima ulisimama 1994 ukarudi 2013, na baadhi ya wabunge vijana wakaingia kambini. Sisi tuliomaliza shule katikati hapo hatukuitwa na mtu. Kwa hiyo ninayetetea lazima ni mtu ambaye hakupiga kwata hata siku moja. Mnaweza kunicheka, ila nisikilizeni.

Leo kuna milango miwili. Wa kwanza ni mujibu wa sheria: waliomaliza kidato cha sita wanaitwa kwa miezi mitatu. Wa pili ni kujitolea: kijana anaomba, anapita kwenye usaili kuanzia wilayani, akichukuliwa anakaa miaka miwili.

Wengi wenu mnasema kujitolea ni bora kwa sababu moyo haulazimishwi. Maneno mazuri. Lakini tuambiane ukweli, nani hapa Mafia anaomba JKT kwa mapenzi ya kwata? Anaomba kwa sababu matangazo ya ajira jeshini hutaka cheti cha JKT. JKT yenyewe husema kila mara kwamba haitoi ajira. Kijana mmoja wa tawi hili alijitolea miaka miwili, akarudi na cheti chake kwenye bahasha ya plastiki, na sasa anabeba ndoo za samaki pwani Kilindoni. Hiyo si hiari, ni foleni ya kazi. Na kwenye foleni, aliye mbali na ofisi hupata habari siku ya mwisho. Muulizeni wa Jibondo au Bweni.

Mujibu wa sheria una ubora wake: jina linatoka, mtoto wa mkubwa na mtoto wa mvuvi wanalala bweni moja na kushika jembe moja.

Ila lazima nayo ina hatari zake. Eritrea sheria ilisema miezi 18, na tangu vita vya 1998 watu wametumikishwa miaka bila kujua mwisho, vijana wakakimbia nchi. Lazima isiyo na tarehe ya mwisho ni kifungo.

Halafu kuna hesabu, na hiyo ndiyo kazi niliyosomea. Mwaka jana binti yangu aliitwa kambi ya mkoani Tanga. Bukta ya bluu, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi nyeusi, trakisuti. Weka boti hadi Nyamisati, gari hadi Dar, basi hadi Tanga, kwenda na kurudi. Ilinitoka karibu laki mbili. Mimi nilikopa. Asiye na pa kukopa je? Wito ni wa wote, lakini boti haipandwi kwa wito.

Na niseme la aibu. Mama yake aliniambia nitafute barua ya daktari abaki nyumbani. Siku mbili nilikuwa naifikiria kweli, maana watu wa kuwaomba ninao. Kilichonizuia ni kuwaza kwamba mvuvi wa Jibondo hana wa kumwandikia barua. Binti alikwenda, akarudi mweusi, amekonda, na anaamka kabla ya adhana.

Kwa hiyo Jumapili nitapendekeza tupeleke kwenye kata haya:

1. Mujibu wa sheria ubaki, na muda wake usiongezwe bila Bunge.
2. Wanaotoka visiwani wasaidiwe nauli na vifaa.
3. Nafasi za kujitolea zibandikwe kila kijiji mapema, na majina ya waliochaguliwa yabandikwe pia.

Na haya mawili ni yetu wenyewe:

4. Sehemu ya mfuko wa tawi itengwe kwa mtoto wa mwanachama asiye na nauli. Daftari nitakuja nalo, kila mtu alisome.
5. Kiongozi yeyote wa tawi, nikiwemo mimi, asimtafutie mwanawe barua ya kukwepa kama mtoto haumwi.

Hoja ya tano najua itawauma baadhi yetu. Njooni tubishane ana kwa ana, sauti za simu zinatosha. Wazazi wa vijana wa kidato cha sita waje, na vijana wenyewe waje waseme.

Katibu wa Tawi
Kilindoni, Mafia