Nyumba na Jamaa: Bustani ya Zoantidi Sebuleni

Jumapili hii tunazungumza na wale wafugao viumbe vya baharini katika tangi la kioo, hasa waliokwisha kuanza kupanda zoantidi. Hawa ni wanyama wadogo, jamaa ya matumbawe, wafananao na maua yaliyokunjuka, ila hawajengi mifupa ya chokaa. Kwetu si wageni: aina mojawapo, Zoanthus sansibaricus, mtaalamu Carlgren aliipa jina la Zanzibar mwaka 1900.

Kuwafuga si kazi ngumu. Sehemu kubwa ya chakula chao hutokana na mwani mdogo mno uishio ndani ya miili yao, nao huhitaji mwanga. Taa ya wastani na mkondo wa maji wa wastani hutosha, joto likiwa nyuzi 24 hadi 27. Maji yakipungua kwa mvuke, ongezeni maji baridi yaliyo safi, si ya chumvi, maana chumvi hubaki tangini.

Kosa la wengi ni kupanda kila aina juu ya jiwe moja. Zikuazo upesi huzifunika nyingine, na bustani ya rangi kumi ikawa ya rangi moja. Aina yenye haraka ipewe jiwe lake, lililozungukwa na mchanga.

Lakini liko jambo zito zaidi, ambalo mara nyingi dukani halitajwi. Baadhi ya zoantidi, hasa wa jamii ya Palythoa, wana palitoksini, mojawapo ya sumu kali mno zitokanazo na viumbe. Wataalamu waliitenga huko Hawaii mwaka 1971. Huvuruga mlango wa seli upitishao sodiamu na potasiamu, hivyo misuli na moyo huathirika. Huingia kwa jeraha, kwa jicho, hata kwa mvuke uvutwao puani. Mwezi Machi 2018, kijijini Steventon, Uingereza, kusafisha tangi tu kuliwapeleka hospitali watu wa nyumba moja pamoja na wazima moto waliofika kuwasaidia.

Kwa hiyo jiwe lenye zoantidi lisichemshwe kamwe, wala lisisuguliwe kwa brashi au kumwagiwa maji ya moto. Moto wa jikoni hauiui sumu hii, huipandisha hewani. Mtu akitaka kukata kipande ili akipande kwingine, avae glavu na miwani ya kukinga macho, akae penye hewa, na watoto wawe mbali. Vyombo vilivyotumika viloweshwe nje katika dawa ya klorini ya kung'arishia nguo kwa muda wa nusu saa, visirudi jikoni.

Akijisikia ladha ya chuma mdomoni, homa, maumivu ya misuli au kifua kubana, wote watoke nje na aende hospitali. Madaktari wengi hawajapata kukutana na ugonjwa huu. Basi liandikeni neno palitoksini kwenye karatasi, mkaibandike ubavuni mwa tangi, ili hata jirani aweze kulisoma.