Kasiterite ya Kalima inatoka na etiketi, kijana wetu anatoka bila karatasi

Kule Kalima, mfuko wa kasiterite hauendi Kindu hivi hivi. Unapimwa, unafungwa, unatiwa etiketi yenye namba, na namba ile inaandikwa kwenye daftari: umetoka shimo gani, siku gani, una kilo ngapi. Mnunuzi wa mbali anataka kujua madini yametoka wapi kabla ya kutoa pesa yake. Kila mchimbaji wa teritware ya Pangi anajua habari hiyo, hata kama analalamikia namna kazi yenyewe inavyoendeshwa, na malalamiko yake mengine yana haki.

Kijana wa miaka 17 anayejua mpira ni habari nyingine. Anaweza kutoka Kalima leo, akapanda pikipiki mpaka Kindu, akapata ndege ya Kinshasa, na miaka michache baadaye tukamuona kwenye televisheni akichezea timu ya Ulaya. Hapo mtaa mzima utapiga kelele: "Huyu ni wetu!" Tukiulizwa karatasi inayoonyesha kwamba alijifunza mpira kwetu, hatuna hata moja.

Soko la wachezaji limekuwa pana, na vijana wa Maniema wameanza kuonekana. Msimu wa 2024-2025, AS Maniema Union ya Kindu ilifika hatua ya makundi katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika, ikapambana na Raja Casablanca, FAR Rabat na Mamelodi Sundowns. Timu ikicheza mechi kama zile, mawakala wanaangalia. Na wakala akishajua njia ya Kindu, njia ya Kalima haiko mbali, ingawa mvua ikinyesha barabara ile inatutia haya.

Tuangalie wenzetu waliotangulia. Théo Bongonda, mshambuliaji wa Leopards, alizaliwa Charleroi, Ubelgiji. Alipita Zulte Waregem, Celta Vigo ya Uhispania, Trabzonspor ya Uturuki, Genk, Cádiz, na mwaka 2023 akaenda Spartak Moscow ya Urusi. Wakati huo timu za Urusi zilikuwa zimekwisha kufungiwa mashindano ya Ulaya tangu tarehe 28 Februari 2022, siku chache baada ya vita vya Ukraine kuanza. Wako waliomshangaa. Lakini mchezaji ni mfanyakazi, na mfanyakazi anaangalia mshahara na nafasi ya kucheza. Hata wale wa hoki ya barafu, mchezo ambao sisi tunauona kwenye skrini tu, wanapita njia hiyo hiyo kati ya ligi za Ulaya na ligi ya Urusi, wakienda na kurudi kila msimu.

Kabla yake alikwenda jirani yetu wa Brazzaville, Christopher Samba. Mwaka 2012 alitoka Blackburn ya Uingereza akaenda Anzhi Makhachkala. Januari 2013 alirudi Uingereza, QPR. Julai mwaka ule ule akarudi tena Anzhi, kisha akahamia Dynamo Moscow. Pesa ilikuwa nyingi, na matusi pia. Machi 2012 alirushiwa ndizi uwanjani Moscow. Septemba 2014 mashabiki wa Torpedo walimtukana kwa rangi yake, naye alipowajibu kwa ishara, akafungiwa mechi 2. Kijana anayeota Urusi ajue na hilo.

Linalotuhusu zaidi ni yale yanayotokea mambo yakiharibika. Vita vilipoanza, FIFA ilitoa sheria ya haraka mwezi Machi 2022: wachezaji na makocha wa kigeni walioko Urusi wanaweza kusimamisha mikataba yao na kwenda kucheza kwingine kwa muda. Sheria ile iliongezewa muda zaidi ya mara moja. Aliyekuwa na mkataba ulioandikishwa alikuwa na mlango wa kutokea. Asiyekuwa nao hakuwa na kitu cha kusimamisha.

Au tuchukue Lassana Diarra, Mfaransa aliyechezea Lokomotiv Moscow. Mwaka 2014 aligombana na klabu yake na mkataba ukavunjika. Mwaka uliofuata FIFA ikamwambia alipe milioni 10.5 za euro. Charleroi ya Ubelgiji ilikuwa inamtaka, lakini iliogopa, kwa sababu sheria ilisema klabu mpya inaweza kubanwa pamoja na mchezaji. Diarra hakunyamaza. Alikwenda mahakamani, na tarehe 4 Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema baadhi ya sheria zile za FIFA zinapingana na sheria za Ulaya. Ilichukua miaka kumi, ndiyo. Lakini alikuwa na jina lake, mkataba wake na avoka wake, na kesi ile imelazimisha FIFA kurekebisha sheria zake za uhamisho.

Sasa mulinganishe na kijana wetu Silas Katompa Mvumpa. Huyu ni mtoto wa Kinshasa. Mwaka 2017 alikwenda Ubelgiji kufanya majaribio Anderlecht. Walimpenda, lakini ilimbidi arudi nyumbani kutafuta viza mpya. Kwa maelezo yaliyotolewa na klabu yake ya Stuttgart mwezi Juni 2021, wakala wa wakati ule alimtisha kwamba akirudi Congo hataona Ulaya tena. Akapelekwa Ufaransa, akaishi chini ya wakala huyo, na akapewa karatasi zenye jina lingine na tarehe nyingine ya kuzaliwa. Kwa miaka mine, ulimwengu wa mpira ulimjua kwa jina la Silas Wamangituka, aliyezaliwa 1999, wakati yeye ni Katompa Mvumpa, aliyezaliwa 1998. Alicheza Alès, akacheza Paris FC, akauzwa Stuttgart mwaka 2019 kwa takriban milioni 8 za euro, kwa namna magazeti yalivyoandika. Alipata hata zawadi ya mchezaji bora mpya wa ligi ya Ujerumani, kwa jina ambalo si lake.

Silas mwenyewe ndiye aliyesema ukweli, baada ya kutoka mikononi mwa wakala yule. Stuttgart ilimtetea, ikasema yeye ndiye aliyefanyiwa ubaya. Hata hivyo shirikisho la Ujerumani lilimfungia miezi 3 na kumtoza euro 30,000. Adhabu ndogo, wengine watasema. Sisi tunauliza jambo lingine: ingekuwaje kama kule alikoanza mpira kungekuwa na daftari lenye jina lake, mwaka wake na picha yake, nakala ikiwa mikononi mwa shirikisho? Wakala angebadilisha nini?

Upande wa pesa, wengi wa viongozi wetu wa mpira hawaujui, au wanausikia juu juu tu. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, sheria ya FIFA inakata 5% ya bei na kuigawa kwa timu zote zilizomlea tangu miaka 12 mpaka 23. Haitolewi kama msaada. Ni deni. Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme kijana ameuzwa kwa euro milioni 1. Ile 5% ni euro 50,000. Timu iliyomlea inapata euro 2,500 kwa kila msimu aliokuwa na miaka 12 mpaka 15, na euro 5,000 kwa kila msimu kuanzia miaka 16. Timu ya Kalima iliyokaa naye tangu 12 mpaka 16 inastahili euro 15,000. Kwa bei kama ile ya Silas, milioni 8, hesabu inafika euro 120,000. Na kila akiuzwa tena ng'ambo, inakatwa tena. Kuna pia malipo mengine ya malezi, anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa. Mutupe mfano wa kazi nyingine halali ya vijana pale Kalima inayoweza kuleta kiasi hicho kwa timu ya mtaa.

Tangu Novemba 2022, FIFA ina ofisi ya malipo iliyoko Paris inayofanya hesabu hizo kwa kompyuta. Inasoma pasipoti ya mchezaji, yaani orodha ya timu zote zilizomsajili na misimu yake. Timu isiyoandikishwa FECOFA haimo. Mtoto aliyecheza bila leseni hayumo. Na hata ukiwa umo, ofisi ile inachunguza karatasi za klabu na konti yake ya benki kabla ya kutuma pesa, kwa hiyo timu ambayo kasha lake ni mfuko wa suruali wa rais wa timu itaachwa nje. Akademi nyingi zetu ni hivyo: jina zuri, jezi nzuri, picha nyingi Facebook, na hakuna karatasi.

Tuseme pia lile ambalo hatupendi kulisema. Wako makocha wasiopenda karatasi kwa sababu wanakata miaka. Mtoto wa 17 anaandikwa 14 ili timu ishinde mashindano ya vijana na ili manaja amuone kuwa bado mdogo. Wazazi wanajua. Walimu wanajua. Sisi waandishi wa habari tunajua pia, na tunaripoti magoli yake. Lakini rudieni ile hesabu. Mtoto aliyekuwa kwenu tangu 12 mpaka 16, mukimkata miaka 3, kwenye karatasi alikuwa na 9 mpaka 13. Misimu inayohesabiwa inabaki 2, na zile euro 15,000 zinakuwa 5,000. Mumeiba kombe la vijana, mukajiibia na pesa yenu. Na kijana mwenyewe anabeba uongo ule mpaka siku mtu mwingine atakapoutumia kumshika shingo, kama ilivyompata Silas.

Mwandishi wa mistari hii alicheza mpira wa mtaa akiwa mtoto. Kocha wetu, mzee mwenye roho nzuri, aliandika majina yetu kwenye daftari la shule la kurasa 48. Mvua ya msimu mmoja ilipita kwenye nyumba yake, na daftari likaisha. Hakuna mmoja wetu aliyekuwa mchezaji wa maana, kwa hiyo hatukupoteza kitu. Ingekuwa vingine, yule mzee angekufa masikini huku timu za mbali zikigawana jasho lake.

Kazi inaanza nyumbani, kwenye akte ya kuzaliwa. Sheria ya familia inampa mzazi siku 90 za kumwandikisha mtoto kwenye ofisi ya eta sivili. Zikipita, ni lazima kwenda mahakamani kutafuta hukumu ya kuchukua nafasi ya akte, na hapo ndipo safari na gharama zinapoanza kuvunja moyo. Kwa mama wa kijiji cha mbali, hata siku 90 ni shida, tunakubali. Lakini viongozi wa mji wa Kalima, pamoja na serikali ya jimbo, wanaweza kuleta mahakama ya kutembea kwenye kiwanja cha mpira wakati wa likizo, watoto wakiwa wamekusanyika. Haihitaji mfadhili kutoka ng'ambo.

Ligi ya jimbo nayo isingoje wachezaji wa timu kubwa tu ndipo itoe leseni. Iandikishe watoto wa miaka 12, kwa bei ambayo timu ya wachimbaji inaweza kulipa. AS Maniema Union, ambayo imekwisha kushughulika na karatasi za CAF, inao watu wanaojua kazi hiyo. Itume mmoja Kalima kwa wiki moja akafundishe makatibu wa timu ndogo. Nayo itafaidika, kwa sababu kijana mwenye karatasi safi anauzika bila mashaka.

Kwa wazazi, neno moja juu ya manaja. Mtu akifika na simu mbili na kusema ana nafasi Ulaya au Urusi kwa mtoto wa miaka 15, mujue kwamba sheria ya FIFA inakataza uhamisho wa kimataifa kwa mchezaji ambaye hajafika 18. Vipengele vya kuruhusu vipo, lakini ni vichache, na mtoto wa Kalima anayeondoka na mgeni hamo. Akiomba dola za pasipoti na viza mbele, muulizeni leseni yake ya wakala wa FIFA, na jina la klabu, na barua ya klabu. Na ikiwa ni Urusi, muongeze macho. Novemba 2025 serikali ya Kenya ilisema inakadiria raia wake zaidi ya 200 wako katika jeshi la Urusi, baadhi wakiwa wamekwenda kwa kuahidiwa kazi. Bongonda alikwenda Moscow na mkataba. Kijana anayepewa tiketi tu hajui atashukia wapi.

Msimu mpya wa mpira wa vijana ukifunguliwa Kalima, kabla ya filimbi ya kwanza, tunaomba kila timu ilete daftari lake: jina kamili la mtoto, majina ya wazazi, tarehe ya kweli ya kuzaliwa, picha, namba ya akte. Nakala moja ibaki Kalima, moja iende ligi ya jimbo Kindu, moja FECOFA. Tutakuwa pale kuangalia nani amekuja nalo.